Mashetani Waliozaliwa Dar es Salaam

Shetani wa Kimakonde ni mdogo kuliko mama yangu. Mama alizaliwa Newala mwaka 1951. Shetani wa mpingo, yule mwenye jicho moja lililotoka nje, mdomo uliopinda mpaka kisogoni na mguu unaozunguka mgongoni ukageuka kuwa mkono, alianza kuonekana kwenye maduka ya Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo hubisha. Wameshaambiwa na kila mtu, kuanzia wauza vinyago mpaka wazazi wao, kwamba vitu hivi ni vya kale, vya mababu, na vilitoka msituni vikiwa hivyo hivyo vilivyo.

Nafundisha sanaa za ufundi katika shule ya sekondari, na mjomba wangu, kaka wa mama, ni mchongaji katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam. Habari hii nimeisoma vitabuni na nimeisikia nikiwa nimekaa kwenye vumbi la mpingo. Pande zote mbili zinakubaliana kuhusu umri wa shetani. Naisimulia kwa sababu historia yake ya kweli ina watu wenye majina, na ile ya uongo haina mtu hata mmoja.

Uwanda wa Makonde umegawanywa na mto Ruvuma. Upande wa Tanzania kuna Newala, kwa akina mama yangu. Upande wa Msumbiji kuna Mueda. Wachongaji wengi walioijaza Dar es Salaam vinyago vya mpingo walitoka upande wa pili. Walivuka mto wakiukimbia utawala wa Wareno, kodi yake na kazi zake za kulazimishwa, wakaingia kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kama manamba. Wengine walifika Lindi na Mtwara wakaishia hapo. Wengine walisonga mpaka Tanga. Kukata mkonge ni kazi ya kuumiza mikono, na mtu aliyekuwa na ufundi wa kuchonga aliona mapema kwamba kinyago kimoja kikinunuliwa na bwana shamba au padri kinaweza kumpa fedha kuliko siku nyingi za kukata majani yale. Basi wakawa wanachonga. Walichonga mama aliyebeba mtungi, mzee anayevuta kiko, mkulima na jembe lake. Vinyago hivi wachongaji waliviita binadamu, na jina hilo linatumika mpaka leo.

Dar es Salaam palikuwa na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa na duka la vitu vya sanaa. Katika miaka ya 1950 Peera alianza kununua kazi za Wamakonde kwa namna ambayo wenzake hawakuifanya. Alizitazama moja moja. Aliwatafutia wachongaji magogo, akawapa mahali pa kufanyia kazi, na alipokiona kitu asichowahi kukiona hakukirudisha kwa kisingizio kwamba wateja hawajakizoea. Miongoni mwa waliomletea kazi alikuwamo Samaki Likankoa, naye ndiye anayetajwa kuwa mchongaji wa kwanza wa shetani.

Jinsi ilivyotokea husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Ile ninayoipenda, na ambayo mjomba wangu anaishikilia kama ilivyo, inasema Samaki alikuwa na kinyago cha binadamu kilichokamilika kikavunjika mkono. Gogo la mpingo si kitu cha kutupa. Limenunuliwa, limebebwa, limetolewa jasho. Samaki akakirudia kile kinyago. Akaondoa na mkono wa pili ili pande zilingane, kisha akaendelea: uso ukabadilika, macho yakahama, kiumbe kikaacha kuwa mtu. Akakipeleka kwa Peera. Peera akakinunua, akamwambia alete vingine.

Kuvunjika kwa mkono mmoja kusingetosha. Wachongaji walikuwa wamevunja vinyago tangu walipoanza kuchonga, na hakuna shetani aliyetokea. Pale palihitajika mtu aliyekuwa tayari anawajua mashetani, mti uliokuwa na tabia ya kumshawishi, na mnunuzi aliyekuwa na jicho. Vitu hivyo vitatu vilikutana katika mji ule, katika miaka ile.

Kuwajua mashetani hakukuwa tatizo. Kule kwetu mtoto analala na habari zao. Kuna wa maji, kuna wa msituni, kuna anayekaa njia panda, kuna mwenye mguu mmoja anayeruka, kuna anayejigeuza mnyama, kuna anayependa kuomba chakula jikoni kwa sauti ya mtu unayemfahamu. Wengine ni wabaya, wengine wanasumbua tu, wengine hata wanasaidia wagonjwa. Bibi yangu aliwasimulia kama mtu anavyosimulia majirani: huyu ana tabia hii, yule usimwamini. Usiku huo huo tulicheka mpaka tukashika mbavu, na baadaye tukaogopa kwenda nje kujisaidia. Woga na kicheko vilikaa kwenye mkeka mmoja, na anayetaka kuvielewa vinyago vile aanzie hapo.

Lakini kabla ya Samaki mashetani hawa hawakuchongwa. Kilichochongwa uwandani kwa ajili ya mizimu kilikuwa kinyago cha kuvaa kichwani, lipiko, na vikiwa vingi mapiko. Hiki kilichongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kucheza nacho. Kikawekwa nywele halisi za binadamu, chale zikatengenezwa kwa nta usoni, na kama ni uso wa mwanamke basi mdomo wa juu ulibeba ndonya, kile kipande cha mti cha urembo. Kilihifadhiwa mbali na macho ya wanawake na watoto. Siku vijana wanapotoka jandoni, lipiko anatokea uwanjani akicheza, amefunikwa mwili mzima kwa nguo, na wanawake wanakimbia kana kwamba marehemu amefufuka. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya watu. Vinyago vilikuwa miongoni mwake. Aliwapa pia wenyeji karatasi na penseli akawataka wachore, na baadhi ya michoro yao aliichapisha katika kitabu chake. Nikiwaonyesha wanafunzi michoro ile huwa wananyamaza, maana ni mikono ya watu wa nyumbani kwao, imeshika penseli miaka zaidi ya 100 iliyopita, ikichora bila woga.

Lipiko ana sura ya mtu. Anaweza kuwa Mmakonde, Mhindi, Mwarabu au Mzungu, anaweza kuwa wa kuchekesha sana, lakini macho yake ni mawili na yapo mahali pake. Tofauti kubwa kati yake na shetani wa Dar es Salaam iko hapo. Lipiko ni wa siri, ni wa msimu, ana wenyewe. Shetani wa mpingo alikaa dukani mchana kweupe, mwanamke yeyote akamwinua, akamgeuza, akauliza bei. Nafikiri uhuru ule wa mji ndio uliomruhusu kuchongwa. Mchongaji aliye mbali na wazee wake, asiyeelekezwa na mtu yeyote jinsi ya kuchonga kitu ambacho hakijawahi kuchongwa, alikuwa na nafasi ambayo asingeipata Mueda.

Sasa nizungumzie mti, kwa sababu vitabu vingi vinaupitia juu juu.

Mpingo haukui kama msonobari. Ni mti mfupi wenye miiba, mara nyingi una mashina kadhaa, umepindapinda, una mifereji ubavuni na mashimo ndani. Hukua taratibu mno. Mti wa kufaa kuvunwa huweza kuwa na miaka 70 na zaidi. Nje una tabaka la rangi ya njano iliyofifia, na ndani una moyo mweusi, wakati mwingine wenye zambarau kwa mbali. Ukitupa kipande cha moyo huo majini kinazama. Viwanda vya Ulaya vinautaka kwa ajili ya klarineti na obo, na wao wanatafuta sehemu iliyonyooka isiyo na kasoro, wanayoipata katika kipande kidogo tu cha mti. Mchongaji wa Kimakonde hana haja ya kunyooka. Anapokea gogo lenye tundu, lenye ufa, lenye kibyongo.

Mjomba hukaa chini kwenye gunia, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo. Anaanza na tezo, akiondoa tabaka la nje kwa mapigo mafupi. Hapo bado hachongi, anatafuta. Analizungusha gogo, anatia kidole kwenye tundu, anafuata ufa mpaka unapoishia. Nilipokuwa msichana nilimuuliza anatafuta nini, akaniambia, "Mpwa wangu, nataka kujua kama huyu anakaa au anasimama." Baada ya tezo hushika patasi na nyundo ya mti, kisha patasi ndogo zaidi kwa meno na vidole, kisha tupa, kisha msasa mara kadhaa kutoka ule wa kukwaruza hadi ule laini. Mpingo halisi ukisuguliwa vya kutosha unang'aa wenyewe. Penye tundu patakuwa tumbo au mdomo. Penye ufa shetani atakunja mkono. Kibyongo kitakuwa kisigino kilichopanda juu ya kichwa. Mti uliokataa kuwa mtu unakubali haraka kuwa shetani.

Ndiyo maana sishangai kwamba mtindo huu ulipotokea haukubaki kwa Samaki. Ulienea kati ya wachongaji kwa miaka michache. Wapo waliochonga mashetani wenye nyama, wazito, wenye matiti yanayovutwa hadi magotini. Wapo waliowakondesha mpaka wakawa mishipa na mifupa inayosokotana. Nyoka huingia mdomoni akatokea sikioni. Kichwa kinazaa kichwa. Hosseni Anangangola na Pajume Alale ni kati ya majina yaliyotambulika mapema. Karibu na wakati huo huo Roberto Yakobo Sangwani alichonga mnara wa watu waliobebana, wengine wakining'inia mabegani mwa wengine, mtindo ulioitwa dimoongo, yaani nguvu, kabla haujapewa jina la ujamaa katika miaka ya Azimio la Arusha. Clementi Ngala anatajwa katika mtindo wa mawingu, ambako mwili unayeyuka na kubaki mpindo na nafasi tupu. Mitindo mitatu mipya, katika mji mmoja, ndani ya muda usiozidi sana miaka kumi. Sijui kama historia ya sanaa ya nchi yetu ina kipindi kingine kilichozaa kwa kasi ile.

Na miaka ile haikuwa ya utulivu kwa watu wa Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika pale Mueda mbele ya ofisi ya utawala walipigwa risasi na Wareno. Wakimbizi waliongezeka kuvuka Ruvuma. Mwaka 1962 FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam, na mwaka 1964 vita vya ukombozi vikaanza, vikapiganwa sana katika nchi ya Wamakonde mpaka uhuru wa 1975. Wachongaji waliokuwa wakitoa mashetani wenye midomo wazi walikuwa na ndugu kule. Sisemi kwamba kila shetani ni Mreno, mjomba angenikemea. Lakini siwezi kutazama kiumbe kinachomla mwenzake kutoka tumboni, kilichochongwa mwaka 1965 na mtu wa Mueda, nikaambiwa ni mapambo ya mezani.

Waandishi wetu pia walijua kwamba shetani ni zaidi ya pambo. Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake mwaka 1971 aliipa jina Mashetani, na humo shetani ni jambo la kisiasa na la nafsi kwa pamoja: aliyeitawala nchi anaondoka lakini kitu chake kinabaki kichwani mwa aliyetawaliwa. Hussein ni mtu wa pwani, wa Kilwa, na mashetani wake ni wa mbuyu na pwani, si wa Mueda. Bado napenda kuviweka vitu hivi viwili mbele ya wanafunzi, tamthilia na kinyago. Vilitokea katika mji mmoja karibu wakati mmoja.

Kuna shutuma ambayo imekifuata kinyago cha shetani tangu mwanzo: kwamba ni sanaa ya watalii. Kwamba kwa kuwa hakikutumika katika ibada wala jandoni, kwa kuwa Peera alikinunua na Mzungu akaondoka nacho, basi si cha kweli. Wasomi wa Ulaya na Marekani waliijadili hoja hiyo kwa miaka mingi, na makumbusho kadhaa yalikataa kuvipokea vinyago vya mpingo huku yakigombania mapiko. Mimi nasema shutuma hiyo haina haki. Hakuna mtu anayemuuliza mchoraji wa Paris kama picha yake ilitumika katika ibada. Tunajua alichora auze, ale, alipe pango, na hilo halitupunguzii heshima kwake. Mchongaji wa Kimakonde aliacha mkonge akaishi kwa akili yake, akabuni umbo ambalo dunia haikuwa nalo, akalitengeneza kutokana na habari alizolishwa na bibi yake. Alilipwa kidogo. Mara nyingi jina lake halikuandikwa. Halafu akaja mtu kumwambia kwamba kwa kuwa alilipwa, kazi yake ni ya uongo. Jambo hilo linanikera, na sitaacha kulisema darasani.

Wachache waliielewa thamani ya kazi hii mapema. Mwaka 1966 kilichapishwa Nairobi kitabu cha J. Anthony Stout kuhusu uchongaji mpya wa Kimakonde, kupitia Kibo Art Gallery ya Elimo Njau, mchoraji wetu wa Kilimanjaro. Mwaka 1989, katika maonyesho makubwa ya Paris yaliyowakutanisha wasanii wa mabara yote, Magiciens de la Terre, alikuwamo mchongaji wa Kimakonde, John Fundi, mzaliwa wa Msumbiji. Katika mji wa Ise huko Japani kuna jumba zima la makumbusho la sanaa ya Kimakonde. Mtoto wa Newala inambidi apande ndege kwenda Japani ili aone kazi za wazee wake zimepangwa kwa mapana yale.

Nimwendee sasa George Lilanga, ambaye nikipewa nafasi naweza kumzungumzia mpaka kengele ya kutoka ilie.

Lilanga alizaliwa Kikwetu, kusini, mwaka 1934. Alianza kuchonga kama wengi walivyoanza, na vitu laini vilivyokuwa karibu, ikiwamo mihogo, kabla ya kuhamia mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaja Dar es Salaam. Mwaka 1972 sista Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Jean Pruitt, alikuwa ameanzisha mahali ambapo vijana wasio na shule ya sanaa wangeweza kufanya kazi na kuuza: Nyumba ya Sanaa. Mjomba wake Lilanga, Augustino Malaba, mchongaji stadi, alikuwa pale. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye jukumu la kumwonyesha mpwa njia, na Malaba alitimiza jukumu hilo: Lilanga akapata kazi ya ulinzi. Akawa mlinzi wa mlango ambao ndani yake watu wanachora. Haikuchukua muda akawa anachora naye.

Alichokifanya kilikuwa kumtoa shetani kwenye mpingo. Akamweka kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye kitambaa cha batiki, kwenye karatasi ya chapa, kwenye chuma. Nyumba ya Sanaa ilipopata jengo lake jipya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kando ya barabara ya Ohio, mashetani wa Lilanga walikuwa wamepinda katika vyuma vya jengo lenyewe, wakicheza. Nilipitishwa pale nikiwa mdogo nimeshikwa mkono, na nakumbuka nikijaribu kuhesabu masikio.

Baadaye akahamia rangi za mafuta za kung'aa, zile za kopo, juu ya mbao bapa na turubai, na hata juu ya vinyago vyenyewe alivyovichonga kwa miti laini. Hapo ndipo akawa Lilanga anayejulikana duniani. Mashetani wake wana masikio makubwa, matumbo yaliyotangulia, midomo mirefu, vidole viwili vya miguu. Wamevaa nguo zenye nakshi za khanga. Nyuma yao hakuna nafasi tupu. Pamejaa madoa na mistari. Nao wako kazini: wanapeleka mgonjwa hospitali, wanagombana baa, wanaendesha baiskeli wamepakizana, wanacheza ngoma, wanaomba msamaha kwa wakwe. Majina ya picha zake aliyaandika kwa Kiswahili, na mengi ni sentensi nzima, mazungumzo ya mtu na mtu, yenye lawama na utani. Anayenunua picha bila kujua Kiswahili amepata nusu yake.

Ukiwatazama haraka wanachekesha. Ukiendelea kutazama unaona macho yao hayacheki. Kila mtu kwenye picha anamtazama mwenzake pembeni, au anakutazama wewe. Hapo naliona lile jambo la mkekani kwa bibi, kicheko na woga pamoja, na ndicho kipimo changu ninapotazama kazi za vijana wa leo wanaojaribu kumfuata. Wengi wanakiweka kicheko, wanausahau woga.

Kazi za Lilanga zilioneshwa Marekani mwaka 1978. Huko wapo waliomlinganisha na mchoraji Keith Haring wa New York, hata wakadai kwamba kijana yule alimtazama Lilanga akajifunza. Mimi siuhitaji mlinganisho huo. Haring alichora mjini kwake, na Lilanga alikuwa na ukoo mrefu wa mpingo nyuma yake. Kilicho dhahiri ni kwamba kisukari kilimwandama, akakatwa miguu, na hakuacha kuchora. Alikaa nyumbani kwake Dar es Salaam na vijana wa ukoo na wanafunzi, yeye akichora michoro na kupanga, wao wakijaza rangi. Kazi zake ziliingia katika maonyesho ya Africa Remix, yaliyoanza Düsseldorf mwaka 2004 na kupita London, Paris na Tokyo. Alifariki Juni 2005 maonyesho hayo yakiwa bado yanazunguka.

Wachoraji wa Tingatinga nao walimchukua shetani. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora mwaka 1968 na kufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, anakumbukwa zaidi kwa wanyama na ndege. Waliomfuata ndio waliofungua mlango. Rashid Bushiri alichora mashetani waliojaa ubao mzima bila pengo, na ukimtazama unaona mpingo nyuma ya rangi. Jaffary Aussi alikuwa na wake. Mohamed Charinda alisimulia wachawi, majini na vituko vya kijijini katika picha zinazosomeka hatua kwa hatua. Vinyago viliwapa wachoraji hawa ruhusa ya kuvunja mwili wa mtu.

Nyumba ya Sanaa haipo tena. Kituo kilifungwa na jengo likabomolewa. Michoro tunaweza kuitafuta kwenye mikusanyo ya Ulaya, lakini vyuma vile vilikuwa vyetu, mtu aliyekuwa akisubiri basi aliviona bure.

Mpingo nao umekuwa wa shida. Mjomba anakumbuka magogo yakiletwa kwa lori. Siku hizi anapokea vipande, na kibandani mwake mashetani wamepungua kimo. Wapo wanaochonga mti mwepesi na kuupaka rangi ya viatu. Mnunuzi akifuta kwa kitambaa chenye maji anaona weusi unatoka, akahisi ameibiwa na Wamakonde wote. Kuna juhudi za kutia moyo: mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, na wanakijiji wakaanza kuuza mpingo wao kwa bei waliyoijua. Kwa mchongaji wa Mwenge bei hiyo ni kubwa. Hata hivyo mjomba anasema afadhali gogo la ghali lenye mwenyewe kuliko la rahisi ambalo kesho halipo.

Mwenge kwenyewe wachongaji walipelekwa katika miaka ya 1980, baada ya kukaa muda mrefu kando ya barabara ya Bagamoyo chini ya miti. Mabanda ya nyuma ndiyo ya kutembelea. Mbele wanauza, nyuma wanachonga. Ninapowapeleka wanafunzi huwapa kazi moja: kila mmoja achague kinyago, amtafute aliyekichonga, aandike jina lake kamili, alikozaliwa, aliyemfundisha, na aliyemfundisha yule aliyemfundisha. Mara nyingi mnyororo unafika Mueda kwa hatua tatu. Msichana mmoja aliufikisha mpaka kwa mtu aliyefanya kazi kwa Peera. Daftari hizo nazihifadhi, na nimeanza kuzinakili safi ili nizipeleke makumbusho, maana vinyago vingi vilivyo kwenye rafu za dunia vimeandikwa chini yake neno Makonde tu.

Katika kibanda cha mjomba kuna kijana anayejifunza, mtoto wa dada yangu. Mwaka huu amechonga shetani mwenye jicho moja, shingo imejizungusha mara mbili, na mkononi ameshika simu akijipiga picha. Jicho halitazami simu, linamtazama mtu aliyesimama nyuma ya bega. Wachongaji wenzake walikuja kukiangalia, wengine wakasema hicho si cha Kimakonde, simu iondolewe. Mjomba alikishika, akakigeuza kama anavyogeuza gogo, akakirudisha chini. Akamwambia kijana kwamba meno ya chini yamechongwa kwa haraka, ayarudie kwa patasi ndogo, na simu aiache.

"Na bei, babu?" kijana akauliza.

"Kwanza andika jina lako chini yake."